SOMO: Kutoa redio ya Toyota ya Kijapani na kuweka adapta ya flashi/AUX bila kukata waya hata mmoja

Wakuu, nimechoka kujibu swali hili hili inbox. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namwelekeza huku.

Somo linahusu Toyota ndogo zilizotoka Japani, za 2003 hadi 2011 hivi: IST, Spacio, Premio na wenzao, zenye redio ya CD isiyo na AUX (tundu la kuchomekea waya wa simu). Nyuma ya redio hizo nyingi kuna tundu tupu lenye safu mbili za pini sita sita. Liliwekwa kwa ajili ya changer ya CD, kile kisanduku cha kubeba CD nyingi. Adapta inachomekwa hapo na kuidanganya redio kwamba yenyewe ndiyo changer. Sauti inapita kwenye waya, siyo hewani, kwa hiyo haikwaruzi kama yale madude ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Gari za zamani zaidi ya hapo zina tundu kubwa lenye safu ya pini tano na ya pini saba, na adapta zake haziingiliani. Toa redio, angalia, ndipo ukanunue.

Vifaa: spana ya boksi namba 10, bisibisi ya nyota, bisibisi bapa iliyoviringishiwa kitambaa, tepu ya umeme.

1. ANGALIA KAMA REDIO YAKO NI YA NAVIGESHENI. Hapa soma taratibu. Redio za Toyota za navigesheni zinazotumia kadi ya SD ya ramani zinajifunga zikikosa umeme. Ukichomoa betri, au ukichomoa soketi ya redio tu, ukirudisha inadai kadi yake ya ramani. Siyo kadi yoyote, ni ile ile. Na Bongo kadi hizo huchomolewa mapema: kijana anaiona, anaitia kwenye simu, anaiformat, anajaza nyimbo. Redio inaendelea kucheza kama kawaida, hakuna anayejua, mpaka siku betri inabadilishwa. Baada ya hapo ni Kijapani kitupu kwenye kioo, na ni kutafuta mtu mwenye namba ya siri ya kufungulia. Kama kadi haipo kwenye nafasi yake, funga mlango wa gari ukanywe chai. Usiguse.

2. Washa swichi, kanyaga breki, shusha gia kutoka P, vuta hendibreki, weka jiwe tairini. Gia ikibaki P inazuia paneli kutoka kwenye gari nyingi, na betri ikishatoka gia haishuki. Ufunguo hautachomoka, urudishe hadi ACC (injini imezimwa) uache hapo hapo.

3. Toa terminal hasi ya betri. Subiri angalau sekunde 90, airbag zipoteze chaji.

4. Paneli. Imeshikwa na klipsi, na kwenye baadhi ya gari kuna skrubu zilizojificha ndani ya kijisanduku cha chini, kwa hiyo chungulia kabla ya kuvuta. Gari iwe imekaa juani kidogo, plastiki ya asubuhi ya baridi inapasuka. Anza chini, vuta kwa vidole pande zote mbili sawasawa mpaka usikie "tak", kisha panda juu. Ikigoma upande mmoja usilazimishe, kuna skrubu hujaiona. Ikiachia usiirukie: nyuma kuna waya wa taa za hazadi. Soketi yoyote ya njano ni ya airbag, iache kabisa.

5. Fungua bolti nne zilizoshika redio. Bandika kipande cha tepu ndani ya spana ili bolti inase. Ikidondokea ndani ya dashibodi utaisikia ikigonga kila kona.

6. Vuta redio, bonyeza ulimi wa kila soketi, chomoa. Shika soketi, siyo waya.

7. Chomeka adapta, pitisha waya wa USB kwenye kijisanduku, rudisha soketi na terminal ya betri, JARIBU, ndipo ufunge.

MASWALI

Mwenye Vitz: Mkuu nina redio ya navigesheni, nimetoa betri sasa inaandika Kijapani. Nifanyeje?
– Hatua ya 1 uliiruka, nayo ndiyo ndefu kuliko zote. Kadi unayo?
– Ipo kwenye simu ya dogo.
– Basi muombee dogo awe hajaiformat.

Mwenye Premio: Fundi alishakata soketi zamani akaunga waya. Redio inasahau stesheni kila nikizima gari.
– Kwenye Toyota kijivu ni umeme wa swichi, bluu yenye mstari wa njano ni wa kudumu, kahawia ni asi (waya wa kwenda kwenye bodi). Inaelekea kaunga yote miwili kwenye swichi. Pima kwa tester kwanza, mafundi wengine huunga rangi wanayoikuta mfukoni. Usije ukaiunga yote kwenye wa kudumu, betri utaikuta imelala.

Mwenye Spacio: Nimeweka, inacheza safi, ila nikichaji simu huku nikitumia AUX inalia "wiii", na mlio unapanda nikikanyaga mafuta. Kwa nini?
– Swali zuri. Ni kelele ya oltaneta, ile inayochaji betri. Chaja na AUX vinakutana asi kwa njia mbili tofauti, na kelele inapita humo. Chomoa chaja: mlio ukikata, ndiyo hiyo. Dawa ni kifaa kidogo kinachokaa katikati ya waya wa AUX, kinaitwa ground loop isolator. Au tumia flashi tu.

Mwenye IST: Nikiweka hii, stesheni ya Efm nitaipata?
– Hapana. Adapta haigusi FM.

Mwenye IST: Sasa faida yake nini?
– Rudi juu.

Mwenye Raum: Na hiyo FM dawa yake nini?
– Expander. Redio ya Japani ya umri huo inaishia 90, ndiyo maana kwa Dar Clouds 88.5 inaingia na Efm 93.7 haiingii. Expander inakaa kati ya waya wa antena na redio na kushusha masafa. Ukichukua ya kushusha MHz 12, Efm utaikuta 81.7. Kwa kuwa redio iko nje tayari, iweke siku hiyo hiyo, umeme wake uchukue kwenye ule wa kijivu.

Mwenye Premio: Baada ya kurudisha betri kioo cha dereva hakipandi chenyewe.
– Kawaida. Vuta swichi mpaka kifunge, endelea kuishikilia sekunde chache.

Mwenye Spacio: Flashi yangu ya 64 haisomi.
– Iformat FAT32. Na adapta nyingi zinataka mafolda yaitwe CD01, CD02.