SOMO: Kuchomelea vyuma nyumbani kwa umeme wa soketi bila kuunguza nyaya

Habari za kazi, wakuu. Wengi mmenunua hizi mashine ndogo za inveta, na swali linalorudi ni moja: nichomeke wapi? Mimi nilichomeka kwenye soketi ya sebuleni siku nikitengeneza geti la nyumbani. Rodi ya nne nikasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imeyeyuka na kung'ang'ania soketini, lakini breka haikukata na fyuzi ya plagi ilikuwa nzima. Pini ikilegea kidogo tu ndani ya soketi, joto hujaa hapo hapo, na breka haina njia ya kulijua.

Hatua ya 1: Soma kibati cha nyuma. Ile "200" kubwa iliyoandikwa mbele ni ampea zinazotoka kwenye rodi. Unachotafuta ni I1max, yaani ampea ambazo mashine inavuta ukutani ukiifungulia yote. Ukikuta 28, ujue soketi ya kawaida haiiwezi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya rodi. Soketi zetu za pini tatu bapa mwisho wake ni ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,990. Inveta ya kawaida ukiiweka ampea 60 hadi 70 kwa rodi ya milimita 2.5 (geji 12) inavuta kama ampea 10 hadi 12 ukutani. Hapo soketi nzima, isiyolegea, inatosha, mradi friji na pasi visiwe kwenye laini hiyo. Rodi ya geji 10, ambayo ni nene zaidi, kwa ampea 110 inavuta kama 20. Hiyo usiijaribu.

Baada ya rodi mbili, zima, kisha gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya moto, acha kazi.

Hatua ya 3: Kwa kazi kubwa, vuta laini yake peke yake. Kebo ya milimita 6 za mraba kutoka kwenye bodi ya breka, breka ya ampea 32, kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30, na soketi ya bluu ya viwandani. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Kuna wanaobadilisha breka tu, wanaweka kubwa kwenye waya ule ule wa soketi wa milimita 2.5 za mraba. Nawaomba sana msifanye hivyo, kwa sababu waya utaungua ndani ya ukuta kabla breka haijashtuka.

Hatua ya 4: Eksitensheni. Ikunjue yote. Mita 30 za waya wa 1.5 zikipitisha ampea 18 hutoa joto la wati 235 hivi, zaidi ya balbu mbili za zamani za wati 100. Eksitensheni ikibaki imeviringishwa, joto hilo halina pa kutokea. Tumia waya wa 2.5 na uwe mfupi.

Hatua ya 5: Klampu ya ardhi. Ibane kwenye chuma chenyewe unachochomelea, karibu na kiungo. Ukiibana kwenye bomba la maji au nondo ya ukuta, umeme wa rodi unaweza kurudi kupitia waya wa ethi wa nyumba (ule wa usalama, unaopeleka umeme uliovuja ardhini) na kuuchoma.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, mashine yangu imekuja na plagi ya pini mbili za duara. Natumia adapta, kuna shida?
Ipo, kaka. Adapta nyingi hazina ethi, na bodi ya mashine, yaani kasha lake la nje, ni chuma. Kata plagi hiyo, funga ya pini tatu: kahawia kwenye L, bluu kwenye N, kijani-njano kwenye E. Kwa rodi ya geji 12 tu, lakini.

Jioni umeme wetu unashuka hadi volti 180. Niongeze ampea?
Hapana, dada. Inveta hufidia volti zikipungua kwa kuvuta ampea nyingi zaidi. Zile 12 zinakuwa kama 15, umeshavuka uwezo wa soketi. Chomelea asubuhi.

LUKU itaisha haraka?
Kwa ampea 100 mashine inakula kama kilowati 3 moto ukiwa umewaka. Ila muda mwingi unapima, unakata, unagonga takataka. Moto ukiwaka theluthi ya saa, ni uniti 1 hivi.

Kinga ya kuvuja umeme inakata kila nikiwasha. Naweza kuiruka?
Usiiruke hata kwa dakika moja. Chomoa mashine, ipeleke ifunguliwe: vumbi la chuma au unyevu ndani vinatosha kuvujisha umeme kwenye bodi. Kama mashine nyingine pia inaikata, tatizo liko kwenye nyaya za nyumba, mwite fundi umeme.