Kabla ya Sindano: Kupe Amevuruga Nini Mwilini mwa Ng'ombe?

Ng'ombe wa maziwa akizubaa bandani, akasusa majani, na maziwa yake yakashuka ghafla kati ya asubuhi na jioni, wafugaji wengi wa Tanga hukimbilia OTC, yaani sindano ya antibiotiki ya oksitetrasaiklini. Mara nyingine inasaidia. Mara nyingi inakula siku mbili ambazo mnyama hakuwa nazo. Magonjwa yanayoletwa na kupe yanafanana kwa homa tu. Ndani ya mwili kila ugonjwa unavunja kitu chake, na kitu hicho ndicho kinachokuelekeza dawa.

Anza na kipimajoto. Joto la kawaida la ng'ombe mkubwa ni nyuzi 38 hadi 39.3. Pima alfajiri, kwa sababu katika jua la Januari na Februari chotara wa Friesian aliyeshinda chini ya bati anaweza kufika 39.5 mchana bila kuumwa chochote. Ingiza kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa, kilaze kiguse ukuta wa utumbo na si kinyesi, subiri dakika 2. Kikisoma 40 au zaidi, acha kwanza sindano. Shika tezi, funua ufizi, kisha subiri akojoe.

Tezi ikiwa imevimba chini ya sikio, au mbele ya bega ukakuta bonge unaloweza kulizungushia vidole, fikiria ndigana kali. Kimelea chake huletwa na kupe wa kahawia wa masikioni, ndiyo maana tezi ya karibu na sikio huwa ya kwanza kuvimba. Kimelea huingia ndani ya chembe nyeupe, zile zile za kulinda mwili, kikazilazimisha kugawanyika ovyo, na kila zinapogawanyika nacho kinagawanyika humo. Halafu chembe hizo zilizoambukizwa husambaa hadi kwenye mapafu. Mishipa midogo inavuja, maji yanajaa mahali pa hewa. Hapo unasikia kikohozi, na mwishoni unaona povu jeupe puani. Kwa hiyo mnyama wa ndigana kali hufa kwa kukosa pumzi. Homa ilikuwa taarifa tu.

Dawa yake ni buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Kwa dawa ya asilimia 5 hiyo ni mililita 1 kwa kilo 20, ndani ya msuli wa shingo, na kama homa haijashuka hurudiwa baada ya saa 48. Dozi huharibikia kwenye uzito wa kukisia. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Mzunguko mara mzunguko mara urefu, gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye kifua cha sentimita 160 na urefu wa 135 ana kilo kama 319, yaani mililita 16. Zigawe sehemu mbili za shingo, kila moja isizidi mililita 10. Anayemwona ng'ombe huyo "kama wa kilo mia mbili" atampa mililita 10, kisha atasema dawa ni feki.

Akishaanza kutoa povu dawa inaua vimelea, lakini maji ya mapafuni hayakauki kwa hiyo. Mwite mtaalamu wa mifugo aamue kama apewe dawa ya kupunguza maji mwilini. Mweke kivulini, usimtembeze. Na tafadhali, usimnyweshe kitu kwa chupa, iwe shubiri au maji ya chumvi. Anayehema hivyo hamezi vizuri, na kinachopotea njia kinaingia kwenye mapafu yaliyokwisha kuzidiwa.

Sasa ufizi. Wenye afya ni wa waridi. Ukiwa mweupe, na baada ya siku chache ukawa wa njano, chembe nyekundu za damu zinaisha. Hapa kuna magonjwa mawili yanayochanganywa, na mkojo ndio unaoyatenganisha. Kwenye ndigana baridi, bandama huziona chembe zilizoambukizwa kuwa mbovu na kuziondoa. Damu inapungua bila kumwagika, mkojo haubadiliki kuwa mwekundu, na kinyesi huwa kigumu na kikavu. Kwenye ugonjwa wa mkojo mwekundu, kimelea hupasua chembe humo humo ndani ya mishipa, rangi yake ikachujwa na figo, na mkojo ukatoka kama chai ya rangi.

OTC ya muda mrefu ya asilimia 20, mililita 1 kwa kilo 10, ni ya ndigana baridi. Mkojo mwekundu unataka diminazini: pakiti ya gramu 2.36 iliyoyeyushwa kwa mililita 12.5 za maji yaliyochemshwa yakapoa inatosha kilo 300. Ukizibadilisha, unatibu ugonjwa ambao mnyama hana. Katika yote mawili usimswage mnyama kwenda popote. Damu iliyobaki haitoshi kubeba hewa, na wengine huanguka wakafa njiani kwenda kwa daktari. Mtaalamu ndiye aje bandani, achukue tone la damu ya ncha ya sikio kwenye kioo kabla ya dawa yoyote. Sindano nayo ibadilishwe kwa kila ng'ombe: ndigana baridi huhama na damu iliyobaki kwenye sindano hata pasipo kupe.

Maji moyo, ugonjwa mwingine wa kupe, ni wa haraka zaidi. Mishipa midogo huvuja, maji yakajaa kuzunguka moyo na ubongo ukaathirika. Ukimwona ananyanyua miguu juu mno, anazunguka au anatafuna hewa, piga simu saa hiyo hiyo.

Maziwa ya mnyama aliyechomwa dawa yasipelekwe kituoni mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Kuyachemsha hakuondoi dawa, na mtindi wake hugoma kuganda.

Kwa kinga, chanjo ya ndigana kali ipo, lakini hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni na ikishayeyushwa haisubiri kesho, kwa hiyo jiungeni kadhaa mtaani ndipo mumwite mchanjaji. Haizuii magonjwa mengine, basi kuogesha kwa dawa ya kupe kuko pale pale. Usijidanganye kwamba wa kufugia ndani hana kupe. Wanakuja na majani yaliyokatwa kando ya barabara ambako ng'ombe wengine hupita.

Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 20 kwa lita 10 za maji, na ng'ombe mkubwa anahitaji lita 5 hadi 10 ili alowe kweli. Ogesha kila wiki. Kupe wa masikioni huhitaji siku kadhaa akinyonya kabla vimelea vilivyo kwenye mate yake havijakomaa, hivyo ukimuua mapema umemuwahi. Anza na ndani ya masikio, kisha chini ya mkia, kiwele na kwapani, ndipo mgongo. Wengi huanza na mgongo na dawa inawaishia kabla ya masikio. Kama una punda, dawa hii isimguse, kwani husimamisha matumbo yake.