Rubani Aliyeruka Kutoka Mafia: Namna ya Kuwatafuta Watu wa Kwao

Nimezaliwa Kilindoni, kisiwani Mafia, na tangu utotoni nimesikia wazee wakisema eropleni za kwanza kisiwani kwetu zilikuja kwa ajili ya vita. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1915 Waingereza walitengeneza kiwanja Mafia ili waiwinde manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha ndani ya delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai rubani John Tulloch Cull na mwangalizi wake, Harwood James Arnold, walikuwa juu ya mikoko wakiwaelekeza wapiga mizinga wa meli mbili, Severn na Mersey. Ndege ikapigwa, injini ikazimika. Huku wanashuka, Arnold aliendelea kupeleka masahihisho ya shabaha kwa simu ya upepo. Wakaangukia mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka, Cull akazama akiwa bado amefungwa mkanda. Akajinasua, mashua ikaja ikawaokoa wote wawili. Siku hiyohiyo Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe.

Wageni ninaowatembeza huuliza habari za meli. Mimi kilichonikaa moyoni ni swali jingine: vijana hawa walikuwa watoto wa nani?

Nilianza vibaya. Nilikimbilia sensa ya Uingereza, nikampata Arnold mmoja, nikamfuata wiki tatu nzima hadi nikawa na majina ya shangazi zake. Kumbe si yeye. Arnold wangu alitokea Kanada. Kwa hiyo nakuomba: usiguse sensa kabla hujapata karatasi ya jeshi inayomtaja mtu wako kwa majina yote na tarehe ya kuzaliwa.

Karatasi hiyo, kwa ofisa wa kikosi cha anga cha jeshi la majini, iko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, katika fungu la ADM 273. Kutafuta jina kwenye katalogi yao mtandaoni ni bure. Kama mtu wako alikuwa baharia wa kawaida au fundi, si ofisa, tafuta ADM 188. Na kumbuka tarehe 1 Aprili 1918: siku hiyo kikosi cha anga cha majini na kile cha nchi kavu viliunganishwa kuwa jeshi moja la anga, RAF. Aliyekuwa bado kazini anaweza kuwa na faili la pili, AIR 76 kwa maofisa na AIR 79 kwa askari. Wengi huishia kwenye faili la kwanza na kudhani mtu wao ametoweka.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kadi ya Royal Aero Club, chama cha urubani cha Uingereza. Chama hicho kilianza kutoa vyeti vya urubani mwaka 1910, na kadi zake zimepigwa picha na kuwekwa Ancestry, tovuti ya watafutaji wa ukoo. Ni kipande kidogo tu, lakini kinaweza kukupa tarehe na mahali alipozaliwa, kazi yake, anwani, aina ya ndege aliyofanyia mtihani na uwanja aliofanyia. Mara nyingi kuna na picha yake. Unapomtazama usoni kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa urubani, utafutaji wote unabadilika. Ila usitegemee kumpata mwangalizi humo, kwa sababu cheti kilikuwa cha marubani.

Ukishakuwa na tarehe, sasa nenda kwenye vizazi. England na Wales walianza kuandikisha kiserikali tarehe 1 Julai 1837, na faharasa imepangwa kwa robo za mwaka. Mzazi alikuwa na siku 42 za kuandikisha, hivyo mtoto wa Desemba huenda akaonekana kwenye robo inayoishia Machi ya mwaka unaofuata. Usikate tamaa mapema. Agiza cheti chenyewe: kina kazi ya baba, jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, na aliyepeleka taarifa. Jina hilo la mama ndilo mlango wa upande wa pili wa ukoo, na bila hilo utabaki na nusu ya familia.

Hapo ndipo sensa inapofaa. Ya 1911 isome polepole, maana karatasi iliyohifadhiwa ni ileile iliyojazwa nyumbani, mara nyingi kwa mwandiko wa baba mwenyewe. Mke aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa. Usiiruke safu hiyo ya mwisho. Mara nyingi ndiyo alama pekee iliyobaki ya mtoto aliyezaliwa na kufa katikati ya sensa mbili.

Kwa vifo, orodha ya mirathi ya kuanzia 1858 hutaja tarehe, mahali, na mara nyingi mjane au ndugu aliyesimamia mali. Aliyekufa vitani mtafute kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Maelezo yake wakati mwingine huandika majina ya wazazi na mji wao. Cull na Arnold walitunukiwa DSO, nishani ya maofisa kwa utumishi bora vitani, na tuzo kama hizo hutangazwa kwenye The London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, ambalo kulisoma ni bure.

Ukiwa huku kwetu, una kazi moja ambayo mtu wa Kew hawezi kuifanya. Kaa na wazee wa Mafia na Rufiji, waulize nani alibeba mizigo, nani alitia mafuta, nani aliongoza mashua kwenye vijito. Watu hao hawamo katika ADM 273. Andika jina la anayekusimulia, kijiji chake, tarehe, na yeye alizisikia habari hizo kwa nani. Mimi nimeanza daftari. Hadi sasa lina majina manne, na wiki ijayo naenda kisiwa jirani cha Chole.