SOMO: Supu ya soseji mbichi ya Kifini, naandika mara moja tu

Wakuu, kila nikiweka picha ya supu hii naulizwa yale yale: "Dada, hivyo vidonge ni nini?" Leo naandika kila kitu. Atakayeniuliza tena faragha namrudisha hapa.

Wafini wanaiita siskonmakkarakeitto. Soseji yake, siskonmakkara, inauzwa mbichi, laini, haijapitishwa moshi. Haikatwi, inakamuliwa.

Watu wanne: soseji gramu 400, viazi 6, karoti 2, kitunguu 1, kipande cha lanttu (mzizi mnene wa jamii ya kabichi, ndani wa njano), punje 8 za olspaisi (allspice, kiungo cha punje za mviringo kama pilipili manga), majani 2 makavu ya laureli (bay leaf), pasli.

1. Menya, katakata.

2. Chemsha maji lita moja na nusu pamoja na olspaisi na laureli. Tanguliza karoti, lanttu na kitunguu. Viazi vifuate baada ya dakika 5. Mlioko Finland, chukueni viazi vya mfuko wa kijani, havivurugiki. Vya mfuko mwekundu ni vya kuponda.

3. Viazi vikikaribia kuiva, kamua soseji. Hapa ndipo nilipoaibika. Mara ya kwanza niliacha sufuria ikitokota kwa fujo, nikakamua soseji nzima kwa pupa, kisha nikakoroga kwa mwiko kama napika ugali. Wageni walikula uji wa nyama wa kijivu, wakanisifia kwa adabu. Kwa hiyo: PUNGUZA MOTO kwanza, supu itikisike tu. Kata ncha ya ngozi, minya kipande cha ukubwa wa zabibu kubwa, kikate kwa kisu ulichochovya kwenye supu ili nyama isigande. Usikoroge! Acha dakika 8 hivi. Vidonge kuelea si ushahidi kwamba vimeiva. Pasua kimoja, ndani kusiwe na wekundu.

4. Onja NDIPO utie chumvi, soseji ina yake. Nyunyiza pasli, epua.

MASWALI

Chuma Chakavu: Nimefuata kila kitu, soseji haikamuliki. Somo lina kasoro.
— Soseji gani?
Chuma Chakavu: Hizi za kawaida za kukaanga.
— Mstari wa pili wa somo, kaka. Mbichi.
Chuma Chakavu: Sasa nizitupe?
— Usitupe. Kata vipande, tia dakika 5 za mwisho. Wafini nao hupika hivyo kwa lenkkimakkara, soseji yao nene iliyokwisha kuiva. Ni supu nzuri, ila si hii.

Bi Mkubwa wa Tanga: Mwanangu, sisi nguruwe hatuli. Tufanyeje?
— Shikamoo mama. Swali zuri sana. Siskonmakkara nyingi ni za nguruwe. Kwenye kibandiko tafuta neno sika, sian- au possu. Huko nyumbani chukua nyama ya kusaga ya ng'ombe au kuku, isagwe mara mbili, tia chumvi, pilipili manga, chenga za mkate na maziwa kidogo. Finyanga kwa vijiko viwili. Hiyo ndiyo nimpikiayo jirani yangu Msomali, na watoto wangu siku hizi wanaipenda kuliko ya dukani.

Mwanagenzi: Sisko si "dada" kwa Kifini? Soseji ya dada?
— Hata mimi niliamini hivyo! Kumbe jina lilipitia Kiswidi, siskonkorv, na nyuma yake kuna saucisse ya Kifaransa. Ni ndugu wa "soseji" yetu, dada hayumo.

Msafiri Tu: Naweza kutia curry powder?
— Unaweza. Usiniwekee picha.

Bi Mkubwa wa Tanga: Na olspaisi nisipoipata?
— Pilipili manga nzima na karafuu moja, mama. Moja tu, mbili zitafanya supu inuke pilau.

Mwanagenzi: Inaliwa na nini?
— Mkate mweusi wa shayiri nyekundu, ruisleipä, na siagi. Ikilala usiku inanoga zaidi, ila pasha kwa moto mdogo. Na ukifika kule siku ya Alhamisi, omba supu ya njegere kavu. Ndiyo siku yake, na chapati za maziwa za oveni hufuata.