Namna ya kusoma majibu ya mkojo kabla hujaambiwa una UTI

Watu wanaofika dirishani kwetu maabara hawasemi wamekuja kupima mkojo. Wanasema, "Nimekuja kupima UTI, imenirudia tena." Wakipewa karatasi wanauliza swali moja tu: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ipo au haipo? Karatasi ile haijibu hivyo. Ina mistari mingi, mingine inavutana, na anayeijua kidogo hakimbilii duka la dawa kununua sipro, dawa ya kuua bakteria.

Kwanza kikopo. Chukua cha maabara, kikavu, chenye mfuniko. Nimeshapokea mkojo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi na kwenye chupa ya juisi ya embe iliyosuuzwa juujuu. Ule wa juisi ulionyesha sukari ya alama nne za kujumlisha, mwenyewe akaanza kulia kisukari. Akapewa kikopo safi, sukari ikawa hakuna.

Nawa sehemu za siri kwa maji, ujifute. Mwanamke atenganishe mashavu ya uke. Mwanamume asiyetahiriwa avute govi nyuma. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni, kinga wa katikati, unaobaki umalizie chooni. Nusu kikopo inatosha. Ukitoka nao nyumbani, ufike ndani ya saa moja, maana kwenye joto bakteria huzaliana humohumo njiani. Na kama uko kwenye siku zako, tuambie. Damu hiyo itaandikwa kwenye majibu.

Sisi tunachovya dipstiki, kile kijiti chenye viraba vya rangi, halafu tunaangalia mashapo kwa hadubini. Kila kiraba kina muda wake. Kwenye vijiti vingi sukari husomwa baada ya sekunde 30, naitriti (kemikali inayotengenezwa na bakteria) 60, na chembe nyeupe (ndizo seli za usaha) dakika 2. Anayechovya na kuandika papo hapo, una haki ya kumuuliza.

Sasa karatasi. Anza na mstari ambao karibu kila mtu anauruka: Epithelial cells. Hizo ni seli za ngozi. Zikiwa nyingi, mkojo umeokota uchafu wa nje, na mistari mingine yote isome kwa mashaka. Mimi huomba mkojo mwingine, hata mgonjwa akinuna.

Kisha Pus cells, yaani seli za usaha. Hapa ndipo dawa nyingi zinapoliwa bure. Ukiona 2–4 kwa kila eneo la hadubini, hiyo ni hali ya kawaida. Hata mtu mzima wa afya anazo. Zikipita 5, na hasa zikifika 10 na zaidi, tunaanza kuzungumza, lakini pamoja na dalili: kuwashwa moto ukikojoa, kwenda chooni kila mara, maumivu chini ya kitovu. Uchovu na maumivu ya mgongo peke yake haitoshi.

Naitriti ikisoma chanya kwenye mkojo mbichi, kuna bakteria. Ikiwa hasi haikusafishi moja kwa moja, kwa sababu wapo bakteria wasioitengeneza, na hata wanaoitengeneza huhitaji mkojo ukae kibofuni kama saa 4. Ndiyo maana tunapenda mkojo wa kwanza wa asubuhi. Anayesema ana "UTI sugu" asiongezewe dawa nyingine ya kubahatisha. Mkojo wake uoteshwe kabla hajameza kidonge, ili tujue ni mdudu gani na dawa ipi inamuua.

Mjamzito ana kanuni zake. Bakteria wakithibitishwa anatibiwa hata kama hasikii chochote. Na mimba ikishapita wiki 20, protini kwenye mkojo ikiandamana na presha ya 140/90 au zaidi, aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki.

Ketoni, yaani mabaki ya mafuta ambayo mwili umeyachoma, kwa aliyefunga Ramadhani au aliyetapika usiku kucha hainishangazi. Ketoni pamoja na sukari nyingi ni dharura.

Damu nimeiacha mwisho kwa sababu huku Shinyanga ina mwenyewe: kichocho. Mtoto anayeogelea lamboni au kushinda kwenye majaruba ya mpunga, akikojoa damu, asipewe dawa ya UTI kabla hatujatafuta mayai ya minyoo ya kichocho. Na hapa ule utaratibu wa mkojo wa katikati unageuka. Mlete kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mwache arukeruke au akimbie kidogo uwanjani kwanza, halafu akinge mpaka tone la mwisho, maana mayai hutoka kwa wingi mwishoni. Kwenye hadubini tunayatambua kwa mwiba mmoja nchani. Yakionekana, dawa yake ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtoto, na ale kwanza ndipo ameze.