Jinsi ya Kuandaa Ibada ya Pamoja ya Kuombea Umoja wa Wakristo

Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo huadhimishwa tarehe 18 hadi 25 Januari, ingawa makanisa mengi ya kusini mwa dunia huliadhimisha karibu na Pentekoste, na ndiyo nafasi nzuri zaidi ya kuanza. Waalike viongozi wa makanisa yote wapange pamoja tangu kikao cha kwanza, kwa maana kanisa linaloletewa ratiba iliyokwisha kuchapishwa huja kama mgeni tu.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa ni Meza ya Bwana. Kanisa Katoliki na makanisa ya Kiorthodoksi kwa kawaida hayashiriki Ekaristi pamoja na madhehebu mengine, na kulificha jambo hilo, au kulilazimisha, huwaumiza watu bure. Chagueni ibada ya Neno, yenye masomo, zaburi, toba na maombezi, ambayo kila mmoja aweza kuishiriki kwa dhamiri safi. Somo la Yohana 17:21, ambapo Yesu anawaombea wafuasi wake wote wawe na umoja, lafaa sana. Msomaji atoke kanisa moja, mhubiri kanisa jingine, na waimbaji wa kwaya zote wachanganyike, wasipokezane kana kwamba wako mashindanoni. Sala ya Bwana iombeni kwa sauti moja, mkiisha kukubaliana maneno yake, kwa kuwa matoleo hutofautiana.

Sadaka ielekezwe kwa wahitaji. Kabla ya kutawanyika, tangazeni kazi moja mtakayoifanya pamoja, kama vile kuwatembelea wagonjwa, pamoja na tarehe ya kikao kijacho.