Siku ya off Dubai usilale chumbani, sehemu hizi hazihitaji hela nyingi

Hapa Ngamiani, Tanga, haipiti wiki bila binti au kijana kuja kuniuliza mambo ya Dubai. Wanauliza mshahara, wanauliza simu, ila hamna anayeuliza siku ya off ataenda wapi, na mi nawaambia hilo ndo la kuuliza kabla hujapanda ndege, mana ukikaa miezi mitatu unaona kuta nne na moli tu, hamu ya nyumbani itakuumiza vibaya.

Kwanza kata kadi ya Nol. Ndo nauli yako ya metro na basi, na bustani nyingi za serikali unalipia kiingilio kwa hiyo hiyo. Zabeel Park nilikuwa naingia kwa dirham 5, Mushrif kwa dirham 3, na Mushrif ina miti mingi ya ghaf, kivuli cha kweli. Beba mkeka, beba na ubwabwa wako kwenye hotpoti. Nyama choma ni pale palipotengwa tu, ukiwasha moto kwingine ni faini. Na usipige picha familia za watu, hilo wenzetu hawalipendi kabisa. Uliza pia siku, mana kuna bustani zenye siku za wanawake na watoto peke yao.

Ila pa moyo wangu ni Ras Al Khor, hifadhi ya ndege pale pale Dubai, na kuingia bure. Mara ya kwanza nimeingia kile kibanda cha kutazamia ndege maji yalikuwa yametoka, tope liko wazi, harufu yake ikanipiga usoni nikajiona niko Mwambani, pwani ya kwetu Tanga. Miti yenyewe ni mchu, huu huu wa kwetu wenye mizizi iliyosimama kwenye tope kama penseli. Na mbele yake heroe, wale ndege wa pinki wenye miguu mirefu, wengi mno, wameinamisha vichwa juu chini wanachuja tope kwa midomo, huku miguu inakanyaga taratibu. Nilikaa zaidi ya saa nzima sijasema neno. Nenda kati ya Novemba na Machi ndo wanajaa, teksi gawaneni wawili watatu.

Al Qudra nako bure, maziwa yamechimbwa katikati ya mchanga, jioni ni pazuri sana, lakini sikilizeni, mi na wenzangu tulienda na teksi ikatushusha ikaondoka, giza likaingia hatupati ya kurudi, tukatembea kando ya barabara mpaka familia moja ikatuhurumia. Usiende bila gari ya kukurudisha.

Ukitaka milima panda basi la Hatta pale Dubai Mall, dirham 25, ukaone bwawa. Al Ain pia basi lipo kutoka Al Ghubaiba. Shamba la mitende la pale lina mitende zaidi ya 147,000 na maji yanapita kwenye vijifereji vya zamani wanaita falaj, unatembea kivulini bila kulipa chochote.

Mlioko Muscat nyie mna bahati, ufukwe wa Qurum bure na mtakutana na wazee wa Kiomani wanaoongea Kiswahili safi, waamkieni shikamoo, watawaelekeza kila kitu. Mkienda kwenye mabonde yale wanaita wadi, mkiona wingu limetanda milimani tokeni hapo hapo, maji huja ghafla hata kama ulipo hakujanyesha.

Joto msilichezee. Juni 15 mpaka Septemba 15 sheria ya Emirates inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa, sasa we unayetembea kwa raha zako unatoka saa hizo kufanya nini? Toka alfajiri au baada ya magharibi, na lita mbili za maji mkononi.

Na siku mfuko umekauka kabisa, nenda Deira upande abra, ile mashua ya kuvusha watu, dirham 1, kaa pembeni upepo ukupige mpaka ng'ambo Bur Dubai.